Sekunde Arobaini na Moja za Mheshimiwa Lini

Jumamosi, tarehe 21 Juni
Saa tatu na robo asubuhi

Dada yangu mpendwa,

Kabla ya yote nataka kujua mguu wa Mama unaendeleaje. Uvimbe umepungua, au bado anaufunika kwa shuka akikuona unakuja na bendeji? Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia? Wapwa zangu nawasalimu wote, hasa yule mkubwa anayesema hesabu zimeletwa duniani ili kumkomesha yeye. Mimi mwili wangu hauna neno. Nakula, nalala, na kazini nafika kabla ya saa mbili, kama ulivyonizoesha ulipokuwa ukinipeleka shule kwa mchakamchaka. Kama kuna kinachonisumbua, hakipimwi kwa vifaa vyako.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini kwenye simu ningeyapunguza haya, nawe ungenikatiza kwa kicheko, na mwisho ningekwambia kwamba kila kitu ni salama. Kwa hiyo nimekaa na shajara yangu mezani, na nitakuandikia kwa kufuata tarehe. Barua hii nampa dereva wa gari la dawa, ambaye anaondoka leo saa nane mchana, kwa hiyo kesho itakuwa mkononi mwako. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, na uisome peke yako kwanza, Mama asikuone uso.

Kazi yangu unaijua, ingawa Mama huwaambia majirani kwamba mimi ni mbunge mdogo. Mimi ni karani wa kumbukumbu katika Baraza la Jimbo. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, wajumbe wa Kamati ya Afya hukaa chumbani kwao na kumhoji waziri wa jimbo: kwa nini umeamua hivi, nani alikushauri, wananchi uliwauliza? Mimi hukaa pembeni kwenye kibanda cha kioo, narekodi, kisha naandika kila neno. Mbele ya kila kiti kuna kipaza sauti chenye kitaa chekundu. Mjumbe akibonyeza kitufe, kitaa kinawaka, na kwenye mashine yangu inatokea namba ya kiti chake. Kilichomo katika kumbukumbu ndicho kilichosemwa. Kisichokuwemo hakikusemwa, hata kama watu mia walikisikia.

Kiti namba kumi na moja kilikuwa cha mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye koti la kahawia ambalo hakulivua kwa joto wala kwa baridi. Wenzake walimpa jina la Mheshimiwa Lini, kwa sababu kiongozi akisema jambo limefanyika, yeye alibonyeza kitufe na kuuliza, lini? Wakacheka, yeye akasubiri kicheko kiishe, akauliza tena. Siku moja aliinama kwenye kidirisha changu akataka kujua kikao fulani kilifanyika tarehe ngapi. Nikafungua shajara nikamjibu papo hapo. Akasema Baraza likiwa na watu kumi wa aina yangu, serikali haitapata usingizi. Toka siku ile nilimpenda.

Jumanne tarehe 4 Machi aliniletea swali aliloliandika kwa mkono wake. Unakumbuka serikali ya jimbo ilivyotangaza sera ya kuunganisha zahanati: kumi na mbili ndogo zifungwe, wagonjwa wapelekwe kwenye vituo vitatu vikubwa. Ya kwako, unayoisimamia, ilikuwa ya tisa kwenye orodha. Mimi niliiona mapema nikanyamaza, wewe ukaja kuisikia redioni, ukanisema vibaya, na ulikuwa na haki. Ulinieleza kwamba kutoka hapo kwenu hadi kituo kikubwa ni mwendo wa saa tatu, na kwamba mama mwenye uchungu hatembei saa tatu. Swali la mzee liligusa hilohilo kwa maneno machache. Alitaka kuambiwa, kabla ya kuamua kuzifunga, maofisa walikwenda lini kuikagua kila zahanati. Likaingia kwenye orodha kama swali la saba.

Jumapili tarehe 9 Machi mzee akafariki. Alikuwa amekaa kitandani anafunga kamba za viatu. Walimkuta kiatu kimoja kimefungwa, cha pili bado.

Kwa kanuni zetu, mjumbe akifariki, swali lake huondolewa kwenye orodha, isipokuwa mjumbe mwingine aliombe na kuliuliza kwa jina lake. Tarehe 18 Machi Mwenyekiti aliuliza kama yupo anayelitaka. Wakaangalia makaratasi yao. Mjumbe wa eneo lenu, ambaye sisi makarani tunamwita Kweli-Kweli kwa sababu ndilo neno pekee analochangia, alikuwa amefumba macho kama mtu anayetafakari sana. Nikalikata swali la saba kwa rula na wino mwekundu. Orodha ikabaki inaruka, sita kisha nane. Wiki hiyohiyo waziri wa afya akahamishwa, akaletwa mpya kutoka nje ya Baraza, mtu ambaye hakuwa akimjua mjumbe hata mmoja.

Sasa nifuate taratibu, Dada.

Tarehe 1 Aprili, saa tano kasoro dakika sita asubuhi, waziri mpya alimaliza jibu la sita. Jua lilikuwa linaingia kwa madirisha yote. Badala ya kwenda la nane akageukia kiti namba kumi na moja, akanyamaza. Kiti kilikuwa kitupu, mezani hapakuwa hata na glasi. Kitaa kilikuwa kinawaka. Waziri aliinamisha kichwa kidogo, kama unavyomsikiliza mtu aliyekuzidi umri, akaandika kitu kwenye karatasi yake, kisha akasema, “Nakushukuru, Mheshimiwa. Ni kweli, sera hii iliandaliwa ofisini.” Akafungua ukurasa, akaendelea na la nane.

Hakuna aliyeshtuka. Mwenyekiti alikuwa anasaini mahudhurio, wajumbe wawili wananong'onezana juu ya nani amelizuia gari la mwenzake, Kweli-Kweli bado anatafakari. Niliitazama mashine yangu. Ilikuwa imeandika: kiti 11, sekunde 41.

Nilimwita fundi wa sauti. Akafungua kile kipaza, akapuliza vumbi, akasema waya ni mzima, akaniuliza kama nilikunywa chai asubuhi. Nilipong'ang'ania, akauchomoa waya wote, akauviringa kwa utepe mweusi wa gundi na kuuacha sakafuni, akasema haya, kama kuna shetani humo basi ajiletee umeme wake.

Tarehe 15 Aprili waya ulikuwa palepale sakafuni, umeviringwa. Baada ya jibu la kwanza kitaa kikawaka. Waziri akageuka, akasikiliza, safari hii akionekana kukosa raha, akafuta jasho juu ya mdomo. Kisha akajibu kwa sauti ya chini kwamba hapana, Mheshimiwa, hawakwenda hata kwenye moja. Walitumia ramani, na umbali ulipimwa kwa rula. Mashine ikaandika kiti 11, sekunde 41.

Alipokuwa anatoka alisimama kwenye kidirisha changu. Alisema yule mzee wenu wa koti la kahawia ana adabu, lakini maswali yake yanamkaa mtu kooni. Akaniuliza alikuwa anafundisha somo gani. Nilimjibu kwamba sijui.

Mchana ule nilisikiliza rekodi zote mbili. Katika zile sekunde arobaini na moja hapakuwa na sauti ya mtu. Lakini ukimya wa chumba kile naujua, Dada, nimeusikiliza miaka sita. Una feni, una viti, una mtu anayejikuna. Huu haukuwa na feni. Ulikuwa kama mtu ameweka kiganja juu ya chumba kizima. Halafu sauti ya waziri inaingia, na feni inarudi.

Nililipeleka jambo kwa Katibu wa Baraza, mama anayezijua kanuni kwa namba kama wengine wanavyojua watoto wao. Sikumwambia habari ya kitaa. Nilimwambia tu kwamba yapo majibu mawili ya waziri yasiyo na maswali, labda kipaza kiliharibika. Akavua miwani. Akasema jibu haliingii kwenye kumbukumbu bila swali lake, huo ni msingi wa kazi, mtoto wa juzi anaujua. “Nitafutie maswali, au niondolee majibu,” alisema, “na iwe kabla ya Alhamisi jioni.”

Alhamisi tarehe 17 kumbukumbu za vikao vyote viwili zikatoka, zikiwa na maswali na majibu. Mambo mengine unayajua. Kamati ilisoma kwamba waziri amekiri mwenyewe kuwa hakuna ofisa aliyefika, ikaandika taarifa kali, na tarehe 27 Mei Baraza zima likapiga kura, ishirini na sita kwa kumi na tisa, sera isimame hadi kila zahanati ikaguliwe. Jioni yake ukanitumia ile sauti ya akina mama wakipiga vigelegele kwenye benchi la kusubiri, na nyuma yao Mama anasema, mwanangu ndiye kaandika. Niliisikiliza mara moja tu. Tangu siku ile sijaweza kuifungua tena.

Kwa sababu Mama alisema kweli kuliko alivyojua. Ni mimi niliyeandika, Dada. Yale maswali mawili hayakuulizwa na mtu ninayeweza kumleta mbele ya Kamati. Niliyatunga mimi, mchana wa tarehe 17, mlango umefungwa kwa ufunguo. Niliyapima yalingane na majibu, nikayapa mwendo wa mzee, nikatia lile “lini” lake. Na mahali pa jina, kwa kuwa mashine ilisema kiti 11, niliandika “Mjumbe wa Kiti cha Kumi na Moja”. Kila aliyesoma alidhani ni mjumbe mpya, au hakusoma kabisa. Nilijiambia kwamba nafanya kazi yangu, kwamba jibu lilitamkwa na watu wote walikuwepo. Lakini nilikuwa nafikiria benchi lako la kusubiri. Kama ingekuwa zahanati ya mtu nisiyemjua, labda ningeyaondoa majibu na kwenda kula.

Jumatatu ya wiki hii, tarehe 16, mwanasheria wa serikali ameandika barua. Anasema kiti namba kumi na moja hakina mjumbe tangu Machi, na anataka rekodi zichezwe mbele ya Kamati Jumanne ijayo, tarehe 24. Waziri naye alipelekwa ukumbini akaonyeshwa picha ya marehemu ukutani. Wanasema aliitazama, akashuka ngazi mbili, akakaa kwenye ya tatu, na haikujulikana aitiwe daktari au aachwe.

Jumatano, saa ya chakula cha mchana, nilikwenda kusikiliza ule ukimya kwa mara ya mwisho, ili niwe tayari kwa aibu yangu. Nikavaa visikizi, nikaweka tarehe 15 Aprili.

Feni ikakatika. Kisha mzee akazungumza.

Ilikuwa sauti yake, hata kile kikohozi chake kidogo kabla ya kuanza. Aliuliza swali langu. Namaanisha langu, neno kwa neno, kama nilivyolichapa tarehe 17, siku mbili baada ya rekodi hiyo kufanyika. Na katika swali hilo nilikuwa nimekosea. Kwenye makabrasha ya wizara zahanati yako imeandikwa mara mbili, kwa jina lake la zamani na la sasa, nami kwa haraka niliihesabu mara mbili, nikaandika “zahanati zote kumi na tatu”. Mheshimiwa Lini alikuwa amezihesabu kwa mkono wake, akaandika kumi na mbili. Asingekosea hata usingizini. Lakini kwenye rekodi alisita kidogo, kama mwalimu aliyeona kosa ubaoni, kisha akasoma kama lilivyoandikwa: kumi na tatu.

Nilivua visikizi. Nje watu walikuwa wanapita na sahani zao za chakula wakicheka. Nilikaa hadi saa nane na nusu.

Unaona nilivyo sasa. Wakiicheza Jumanne, watamsikia. Mwanasheria atakosa la kusema, zahanati yako itabaki, nami nitabaki na kazi, na hakuna atakayejua isipokuwa mimi na yeye. Usiku ule wa Jumatano nililala na wazo hilo, na sitakuficha, lilikuwa tamu. Kilichonizuia ni kule kusita kwake. Yeye walimpigia kura. Alipita nyumba kwa nyumba na koti lake, watu wakampa ruhusa ya kuuliza kwa niaba yao. Mimi hakuna aliyenipigia kura, nilifanya mtihani wa kuandika kwa kasi. Nimemwekea maneno mdomoni, naye ameyasema, kwa sababu karani ndiye mwenye kumbukumbu na yeye hana tena namna ya kukataa. Leo nimemtumia kwa jambo jema. Kesho kiti hiki changu atakikalia mwingine, na kile kiti kiko tayari kusema chochote atakachochapa.

Kwa hiyo Jumatatu nitampa Mwenyekiti barua ya kukiri. Kazi itaondoka, hilo nimeshalimeza. Ila lisilomezeka ni hili: maswali yakifutwa, majibu yatafutwa nayo, na kura ya tarehe 27 itakuwa haina miguu. Sera itarudi, na tarehe 1 Julai, siku iliyopangwa tangu mwanzo, watakuja kufunga mlango wako. Njia ni moja. Swali la saba liulizwe upya Jumanne, na mjumbe aliye hai, kwa mdomo wake.

Juzi Alhamisi nilimfuata Kweli-Kweli. Nilimkuta anakula chungwa ofisini kwake. Nilimweleza kwamba kanuni inamruhusu kuliomba swali la marehemu hata sasa. Akasema kweli kweli. Nikasema wapiga kura wake wanafungiwa zahanati. Akasema kweli kweli, lakini maswali, ndugu yangu, huzaa maadui, yeye amekaa miaka minne bila kuuliza na hana adui hata mmoja. Nikamwambia hana hata rafiki, maana mlinzi wa getini bado humwomba kitambulisho. Halafu akaifuta mikono, akaniambia basi nimchapie, yeye atasoma. Nikakataa. Nilimwambia sichapi swali la mtu tena maisha yangu yote, aandike mwenyewe. Akavuta karatasi, akaandika huku ulimi umetoka pembeni kama mtoto wa darasa la pili, akafika katikati akaniuliza zahanati ni ngapi. Nikamjibu azihesabu. Jana asubuhi alikuja kwenye kidirisha changu, macho mekundu, akaniambia amepitia makabrasha yote na kwamba ni kumi na mbili, na kwamba wizara, wajinga hao, wameandika moja mara mbili. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahia kosa la mwingine kiasi kile.

Lakini swali halitoshi. Waziri sasa ana mwanasheria pembeni, hatakiri mara ya pili. Anahitajika mtu wa kuonyesha kwamba hawakuja. Na hapo ndipo ninapokuomba, Dada. Lipo lile daftari lako la wageni, ambalo unamsainisha kila anayevuka kizingiti, hata yule muuza sabuni uliyemfukuza. Kwa miaka yote hiyo hakuna saini ya ofisa hata mmoja wa wizara. Najua wanaweza kukuandama kazini kwa kusema hadharani. Najua pia kwamba nilikunyamazia mwanzoni, na sasa nakuomba usinyamaze. Panda gari la asubuhi Jumatatu, ulete daftari lenyewe, si nakala. Kama huwezi, sitakulaumu, na sitalisema jina lako popote.

Nimebakiza jambo moja. Jana mchana, baada ya Kweli-Kweli kuondoka, nilitoa nakala ya rekodi ili niiambatanishe na barua yangu ya kukiri. Mashine haikuandika tena sekunde 41. Iliandika 48. Nikavaa visikizi. Alisoma swali langu lote, na kosa lake, akakohoa. Kisha, taratibu, kama mtu anayegeuza uso kumtazama anayemsikiliza, akauliza: “Na shahidi atafika lini?”

Hilo sikuliandika mimi, Dada. Na jibu lake si langu.

Mwambie Mama nampenda, na kwamba kama atasikia nimeachishwa kazi asigombane na mtu. Shemeji nampa pole ya kikohozi. Wapwa wote wape mkono, na yule mkubwa mwambie mjomba anaomba asikose kuhesabu mara mbili. Jumatatu nitakuwa kituoni tangu saa sita mchana, nikiangalia kila gari linaloingia.

Ni mimi mdogo wako,
Karani